Mshenga Aliyetupwa Kisimani: Notting Hill, Mlima Kenya na Visa vya Mapenzi ya Watu Mashuhuri

1.0 Utangulizi

Mnamo Oktoba 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alimposa Kate Middleton wakiwa katika kibanda cha magogo kando ya Ziwa Rutundu, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Habari hiyo ilitangazwa rasmi tarehe 16 Novemba mwaka huohuo, na harusi ikafanyika London tarehe 29 Aprili 2011. Siku kumi na moja kabla ya harusi hiyo, kituo kimoja cha televisheni cha Marekani kilikuwa kimekwisha kuonyesha filamu ya mapenzi yao, William & Kate, iliyoongozwa na Mark Rosman. Kasi hiyo haipaswi kutushangaza. Umbo la kisa lilikuwepo tangu zamani; kilichokuwa kikingojewa ni majina ya wahusika.

Umbo lenyewe linafahamika. Mtu mashuhuri, aliyechoshwa na umashuhuri wake, anakutana na mtu wa kawaida mahali ambapo hajulikani au anaweza kujificha. Wanapendana. Umashuhuri unawafuata na kuwatenganisha. Mwishoni ama wanaachana kwa heshima, kama katika Roman Holiday ya William Wyler (1953), ama wanaunganishwa mbele ya kadamnasi, kama katika Notting Hill ya Roger Michell (1999), iliyoandikwa na Richard Curtis. Filamu hii ya pili ndiyo iliyoupa umbo hilo sura inayojulikana zaidi katika miongo ya karibuni. Iliingiza zaidi ya dola milioni 350 duniani kote, na bado hutazamwa katika nyumba nyingi za mijini kwetu.

Chimbuko la makala haya ni mjadala uliozuka baina ya mwandishi na wanafunzi wachache wa uzamili baada ya kuitazama Notting Hill katika sebule moja mtaani Skuta, mjini Nyeri. Mazungumzo yalipofika kwenye posa ya Rutundu, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Na huyo aliyewawashia moto kule mlimani, yeye hana mpenzi?" Tulicheka. Hata hivyo, swali hilo halikuondoka na kicheko. Makala haya ni jaribio la kulijibu kwa njia ya kihakiki.

Hoja yetu ni kwamba kisa cha mapenzi ya mtu mashuhuri na mtu wa kawaida hakiwezi kusimama bila mhusika wa tatu, ambaye kwa istilahi ya utamaduni wetu tutamwita mshenga. Mshenga huyu anaweza kuwa mtu, na anaweza pia kuwa mahali pamoja na watu wake. Tunadai kuwa filamu za aina hii humtumia mshenga kisha zikamsahau, ilhali hekaya ya Kiswahili iliyo karibu nazo kimuundo, yaani kisa cha paa wa Sultani Darai, huifanya hatima ya mshenga kuwa ndiyo kipimo cha mapenzi yenyewe.

2.0 Nani Huyu "Mtu wa Kawaida"?

Neno kawaida, lenye asili ya Kiarabu, linabeba ndani yake dhana ya kanuni na desturi. Kwa hiyo mtu wa kawaida si mtu asiye na sifa tu. Ni yule anayechukuliwa kuwa mfano wa kanuni, yaani jinsi watu walivyo. Swali la mhakiki basi ni hili: nani aliyeiweka kanuni hiyo?

Katika Notting Hill, mtu wa kawaida ni Will Thacker, anayeigizwa na Hugh Grant. Yeye ni mtalikiwa, ana duka la vitabu vya safari lisilopata faida, na anaishi katika nyumba yenye mlango wa buluu pamoja na mpangaji mchafu na mropokaji, Spike. Mtu mashuhuri ni Anna Scott, nyota wa filamu kutoka Marekani, anayeigizwa na Julia Roberts, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa wakati huo. Mtazamaji anaalikwa kujiona katika Will. Lakini Will ana duka, ana nyumba, ana marafiki wenye bustani na meza ya chakula, na ana muda wa kutosha wa kuhuzunika. Ukawaida wake ni wa tabaka la kati ambalo halijioni kuwa tabaka.

Hali ni hiyohiyo katika kisa cha kweli cha mwaka wa 2010. Magazeti yalimwita Kate Middleton mtu wa kawaida kwa sababu hakuzaliwa katika ukoo wa kifalme wala wa kikabaila. Hilo ni kweli kwa mujibu wa kanuni ya jumba la kifalme. Hata hivyo, wazazi wake walikuwa na biashara iliyostawi ya vifaa vya sherehe, naye alisoma katika shule ya bweni ya Marlborough, ambayo karo yake si ya kila mzazi, kabla ya kukutana na mwanamfalme katika Chuo Kikuu cha St Andrews. Hatusemi haya kwa kumlaumu. Tunasema kwamba umbo la kisa huchora mstari mmoja tu, baina ya mashuhuri na asiye mashuhuri, na kwa kufanya hivyo hufuta mistari mingine yote iliyo chini yake. Mwenye duka London na mchuma chai wa Othaya huwekwa katika kapu moja la watu wa kawaida, ijapokuwa wa kwanza ndiye atakayepewa jina na mazungumzo katika filamu.

Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na hayati Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuigizwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka wa 1977, inaturuhusu kuona kilichofutwa. Tamthilia hiyo, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Nitaolewa Nikipenda, pia ina mapenzi yanayovuka ngazi: Gathoni, binti wa kibarua Kĩgũũnda, anapendwa na mtoto wa tajiri Kĩoi. Lakini humo mapenzi hayatenganishwi na kipande cha ardhi cha ekari moja na nusu ambacho Kĩgũũnda anacho, na ambacho hatimaye anakipoteza. Gathoni anapata mimba na kukataliwa. Katika tamthilia hiyo, umbali baina ya mashuhuri na mnyonge hauzibwi kwa busu, kwa sababu umbali huo una hatimiliki.

Kwa miaka kadhaa mwandishi wa makala haya alifundisha kwamba Nitaolewa Nikipenda inatosha kuwa jibu kwa filamu kama Notting Hill: ya kwanza ni ukweli, ya pili ni kasumba. Msimamo huo sasa unaonekana kuwa mwepesi mno. Unashindwa kueleza kwa nini wasomaji na watazamaji wetu, wakiwemo wanaoijua vyema hatima ya Gathoni, bado hufurahia kisa cha Anna na Will. Mhakiki asiyeweza kuieleza furaha ya hadhira yake hana budi kuanza upya.

3.0 Notting Hill: Usawa wa Machozi

Furaha hiyo, kwa maoni yetu, inatokana na mandhari moja muhimu. Will anamchukua Anna kwenye karamu ndogo ya siku ya kuzaliwa ya dada yake, Honey. Baada ya chakula kunabaki kipande kimoja cha keki ya chokoleti, na wenyeji wanaamua kwamba kitaliwa na yule mwenye maisha ya kusikitisha kuliko wote. Bernie anaeleza kushindwa kwake kazini na katika mapenzi. Honey anaeleza upweke wake. Bella, aliyepata ajali na sasa anatumia kiti cha magurudumu, anafichua kwamba yeye na mumewe hawataweza kupata mtoto. Kisha Anna anaomba naye asikilizwe: anaeleza njaa ya kudumu ya kulinda umbo, wanaume waliomtenda vibaya, na hofu ya siku ambayo urembo utakwisha na watu watagundua kwamba hajui kuigiza. Kimya kinapita. Kisha wenyeji wanamcheka na kumkatalia keki.

Hapa fani inafanya kazi ya kiitikadi kwa ustadi mkubwa. Hoja inayotolewa ni kwamba mashuhuri na wasio mashuhuri wako sawa mbele ya huzuni. Tunaweza kuuita huu usawa wa machozi. Kukataliwa keki kwa Anna ndiko kunakomfanya awe mmoja wao, kwa maana mgeni hupewa, bali mwenyeji hutaniwa. Yeyote anayejua nafasi ya utani katika jamii zetu atatambua mara moja maana ya tendo hilo. Furaha ya mtazamaji, basi, si ya kijinga. Inatokana na tamaa ya haki: kwamba aliye juu akae mezani na kupimwa kwa kipimo cha wote.

Tatizo ni kwamba meza hiyo ina viti vichache. Mtaa wa Notting Hill halisi haukuwa mtaa wa akina Will peke yao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wahamiaji wengi kutoka visiwa vya Karibi walipata makao huko katika nyumba duni za kupanga. Mwaka wa 1958 walishambuliwa na makundi ya vijana wa Kizungu, na mwaka wa 1959 seremala kutoka Antigua, Kelso Cochrane, aliuawa huko kwa kisu. Kanivali ya Notting Hill, iliyoanza katika miaka ya 1960, ni matokeo ya historia hiyo. Katika meza ya marafiki wa Will hayupo hata mmoja anayetoka katika jamii hiyo, na wahakiki wa Uingereza waliliona pengo hilo tangu filamu ilipotoka.

Kuna mandhari nyingine inayolidhihirisha pengo hilo kwa njia ya kifani. Baada ya kuachana na Anna, Will anatembea katika soko la Barabara ya Portobello, na katika mwendo mmoja majira yote ya mwaka yanapita: majani yanaanguka, theluji inashuka, jua linarudi. Mwanamke aliyekuwa mjamzito mwanzoni mwa matembezi anaonekana mwishoni akiwa na mtoto mchanga. Hii ni miongoni mwa picha nzuri zaidi za filamu hiyo. Lakini hebu tutazame kazi wanayopewa watu wa soko. Wao ni saa ya ukutani. Mimba ya mwanamke yule haina kisa chake. Ipo ili tujue kwamba Will amehuzunika kwa muda wa kutosha. Na wimbo unaosikika anapotembea umeimbwa na Mmarekani Mweusi, Bill Withers. Sauti imealikwa kuongoza huzuni, wenye historia inayofanana na ya mwenye sauti hawakualikwa mezani.

Itapingwa kwamba filamu ya mapenzi si ripoti ya sensa, na kwamba kila mtunzi ana haki ya kuchagua wahusika wake. Tunakubali. Hatuidai filamu imwonyeshe kila mkazi wa mtaa. Tunachodai ni kwamba mtunzi anapoukopa mtaa mzima jina lake na kuufanya uwe mahali ambapo mashuhuri anapona, mtaa huo umekuwa mshenga, na mshenga ana haki zake.

4.0 Mlima Usio na Watu

Kila kisa cha aina hii kinahitaji kificho, yaani mahali ambapo umashuhuri unasimama kwa muda. Katika Roman Holiday kificho ni Roma, ambapo binti wa mfalme anakatwa nywele na kinyozi asiyemjua, naye anatembea barabarani kama mtu yeyote. Katika Notting Hill ni duka la vitabu na bustani iliyofungwa kwa ua. Katika kisa cha mwaka wa 2010 ni Mlima Kenya.

Masimulizi ya magazeti kuhusu Rutundu yalifuata kanuni ya kificho kwa uaminifu. Tuliambiwa juu ya ziwa tulivu, kibanda kisicho na anasa, pete ya marehemu Diana ambayo mwanamfalme aliibeba mkobani kwa wiki kadhaa, na jaribio la kuvua samaki ambalo halikufua dafu. Yote haya ni vipengele vizuri vya kisa. Lakini ili kificho kiwe kificho, ni lazima kiwe kitupu, na mlima wetu ulisimuliwa ukiwa mtupu.

Msomaji anayeishi Skuta anajua kwamba utupu huo una tarehe zake. Nyeri imeketi baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na si mara ya kwanza kwa eneo hili kutumiwa kama jukwaa la kisa cha kifalme. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Nyandarua, na usiku huohuo baba yake akafariki. Habari za kifo hicho zilimfikia katika nyumba ya Sagana, ambayo alikuwa amezawadiwa na serikali ya koloni kwa ajili ya harusi yake. Tangu hapo masimulizi yamesema kwamba alipanda mti akiwa binti mfalme na kushuka akiwa malkia. Katika masimulizi hayo msitu ni wa tembo na faru tu.

Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa. Mwaka uliofuata misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikafanywa maeneo yaliyopigwa marufuku, ambamo Mwafrika aliyeonekana aliweza kupigwa risasi. Kuanzia mwaka wa 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kenya ya Kati walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Treetops yenyewe iliteketezwa na wapiganaji wa msituni mwaka huo wa 1954, kisha ikajengwa upya mwaka wa 1957, mwaka ambao Dedan Kimathi, aliyekamatwa karibu na Nyeri Oktoba 1956, alinyongwa katika gereza la Kamiti. Utulivu wa msitu na mlima, kwa hiyo, si jambo la maumbile pekee. Sehemu yake ilitengenezwa kwa amri.

Hapana budi tutahadhari tusije tukahukumu watu wawili kwa makosa ya dola. Kijana anayetaka kumposa mpenzi wake mbali na kamera anatenda jambo la kibinadamu, hasa ikiwa ni kijana ambaye mama yake alifariki kutokana na ajali ya gari lililokuwa likifuatwa na wapigapicha. Kinachohakikiwa hapa ni kisa kama kilivyosimuliwa, si moyo wa mposaji. Na kisa kama kilivyosimuliwa hakina mtu aliyefagia kibanda, aliyekata kuni wala aliyechemsha maji, ijapokuwa kila mtu wa mlimani anajua kwamba katika baridi ile moto haujiwashi wenyewe.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wetu lilipopata uzito. Baada ya kimya alieleza kwamba mama yake alifanya kazi kwa miaka mingi katika jikoni la hoteli moja ya watalii, na kwamba karo yake ya chuo kikuu ilitoka katika jikoni hilo. Alisema hakuwa na chuki na filamu hizi; alizipenda. Alichotaka kujua ni kama kuna hadithi yoyote ya mapenzi ya namna hii ambamo mama yake angeonekana.

5.0 Paa wa Sultani Darai

Hadithi hiyo ipo, nayo imo katika hazina yetu wenyewe. Ni kisa cha Sultani Darai, kilichosimuliwa Zanzibar na kuchapishwa na Edward Steere mwaka wa 1870 katika mkusanyiko wake wa ngano za Kiswahili. Kwa muhtasari, maskini mmoja anayeishi kwa kupekua jaa anaokota thumuni na kununua paa. Paa yule anaweza kusema. Anapata almasi, lakini badala ya kumpa bwana wake anaibeba hadi kwa sultani wa mbali na kumposea bwana wake binti wa sultani huyo, akidai kwamba ametumwa na Sultani Darai. Jina hilo ni la kubuni. Maskini hana ufalme wowote. Paa anamwogesha bwana wake kijitoni, anamtafutia mavazi na farasi kwa uongo kwamba amevamiwa na wanyang'anyi, kisha anaua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la nyoka huyo.

Kufikia hapo tuna umbo lilelile: aliye juu na aliye chini wameunganishwa. Filamu ya Kimagharibi ingeishia hapo, penye harusi. Msimulizi wa Kiswahili anaendelea. Paa anaugua. Anatuma ujumbe kwa bwana wake, naye bwana anaagiza apewe uji wa mtama, chakula cha dharau. Binti wa sultani anamsihi mumewe amhurumie mnyama aliyewatendea mema yote hayo, lakini mume anakataa hata kwenda kumtazama. Paa anakufa na kutupwa kisimani. Binti wa sultani anampelekea baba yake habari, na sultani mwenyewe anakuja na watu wake kumwomboleza paa. Usiku ule mke anaota yuko kwao, anaamka na kujikuta kwao kweli. Mume anaota anapekua jaa, anaamka na kujikuta jaani, watoto wakimcheka.

Tunaweza kutoa hoja tatu kutokana na kisa hiki. Kwanza, paa ni mshenga kwa maana kamili ya neno: anabeba mahari, anasema kwa niaba, anatunza heshima ya pande zote mbili, na hata uongo wake ni uongo wa kishenga. Pili, kisa hakipimi mapenzi kwa nguvu ya hisia za wapenzi. Kinayapima kwa namna wanavyomtendea aliyewakutanisha baada ya kumaliza haja nao. Tatu, na hili ndilo linalotukata maini, anayemsahau mshenga si binti wa sultani. Ni yule aliyetoka jaani. Aliyezaliwa juu anaujua wema wa paa. Aliyepanda ndiye anayetaka kusahau kwamba alipandishwa.

Tukiitazama Notting Hill kwa darubini hii, tunaweza kuitendea haki zaidi kuliko uhakiki wa kasumba ulivyoweza. Filamu hiyo ina paa wake, naye ni Spike. Ndiye anayeropoka baani hadi waandishi wa habari wanaufikia mlango wa buluu, na ndiye, mwishoni, anayeshuka garini na kusimamisha magari barabarani ili Will awahi mkutano wa mwisho wa Anna na waandishi wa habari. Spike hatupwi kisimani. Yumo katika furaha ya mwisho, na filamu inampenda. Marafiki wengine pia, kama Tony ambaye mkahawa wake unafungwa na Bernie anayefutwa kazi, wamepewa majina na majonzi yao. Kwa kiwango hicho, Curtis na Michell wanaukumbuka wema wa mtu mmojammoja. Wanachokisahau ni mahali: mtaa uliowapa jina la filamu na ambao watu wake wamegeuzwa saa ya ukutani.

Masimulizi ya Rutundu yanakwenda hatua moja mbele katika usahaulifu. Humo hakuna Spike. Mtu na mahali vyote vimetupwa kisimani, na juu ya kisima pakachorwa ziwa tulivu.

6.0 Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kuwazuia wanafunzi wetu wasizitazame filamu za mapenzi, wala kuwaambia kwamba furaha wanayoipata ni ya bandia. Tumejaribu kuonyesha kwamba furaha hiyo inatokana na tamaa halali ya usawa, na kwamba kasoro ya filamu hizi ni kuufanya usawa huo uwe wa watu wawili tu. Tumeonyesha pia kwamba uhakiki wa Kiswahili hauna haja ya kuazima kila kipimo kutoka nje. Dhana ya mshenga, pamoja na kisa cha paa, inatupa swali linaloweza kuulizwa mbele ya filamu yoyote ya aina hii, iwe imetengenezwa London, Los Angeles, Dar es Salaam au Nairobi: aliyewakutanisha yuko wapi kisa kinapokwisha?

Swali hilo lina makali mawili, na haifai mhakiki alielekeze kwa wengine tu. Wengi wetu tunaofundisha fasihi katika vyuo vikuu tulitoka jaani kwa mgongo wa paa fulani: mama aliyechuma chai kabla ya mapambazuko, shangazi aliyetandika vitanda vya wageni, kaka aliyeacha shule ili mdogo wake aendelee. Tumepewa mavazi na farasi, na jina ambalo halikuwa letu. Tunapowafundisha wanafunzi kwamba fasihi ya kweli ni ile isiyopendwa na mama zao, tunawapimia wale waliotulea uji wa mtama.

Mwanafunzi aliyeuliza swali la Skuta sasa anaandika pendekezo la tasnifu kuhusu nafasi ya watumishi katika filamu za mapenzi za Afrika Mashariki. Kamati iliyolipokea mara ya kwanza ililirudisha kwa maelezo kwamba mada haina uzito wa kifasihi. Mwandishi wa makala haya alikuwa mjumbe wa kamati hiyo na aliunga mkono uamuzi huo. Pendekezo litawasilishwa tena muhula ujao, nasi tunatumaini kwamba hoja zilizotolewa hapa zitasaidia lisomwe kwa namna nyingine.